Seva ya nyumbani imejaa: ubadilishe diski moja moja, ujenge safu mpya kando, au uongeze ya tano?

Tuchukue seva ambayo wengi wanayo: kasha la trei nne, diski nne za TB 4, zimefungwa pamoja kuwa safu moja kwa RAIDZ1 ya ZFS au RAID 5 ya mdadm (programu mbili zinazofanya diski kadhaa zionekane kama moja). Ukitoa ya pariti (hesabu za kurejesha data diski moja ikifa) unabaki na TB 12, na mfumo utakuonyesha TiB 10.9 kwa kuwa wenyewe unahesabu kwa 1,024. Imefika asilimia 85 na kila wiki unafuta kitu. Sasa unataka nafasi.

Njia ziko tatu, na watu wengi huzilinganisha kwa bei ya diski peke yake. Bei ina uzito wake, lakini lipo swali linalotangulia: kazi ikiwa katikati, umeme umekatika na diski moja imegoma, data zako zitakuwa zimebaki wapi? Hapo ndipo njia hizi zinapoachana.

| | Moja moja | Safu mpya kando | Diski ya tano |
|---|---|---|---|
| Diski za kununua | 4, zote kubwa | 2 au zaidi | 1, TB 4 inatosha |
| Milango ya SATA ya ziada | 0, ila 1 ni bora sana | 2 au zaidi | 1, ya kudumu |
| Nafasi inaonekana lini | baada ya diski ya mwisho | ukishahamia | upangaji ukiisha |
| Kubadili aina ya safu (ZFS) | haiwezekani | unaanza upya utakavyo | haiwezekani |
| Mambo yakiharibika | unategemea bekapu | ya zamani haijaguswa | unategemea bekapu |

Bekapu imetajwa mara mbili hapo juu kwa makusudi. RAID inakukinga na diski iliyokufa tu. Haikukingi na amri uliyoiandika vibaya saa saba usiku. Kama huna nakala ya vitu visivyopatikana tena (picha, hati, kazi za watu) kwenye diski nyingine iliyo nje ya seva hii, pesa ya kwanza iende huko.

Kubadilisha moja moja

Unatoa diski ya TB 4, unaweka ya TB 12, unasubiri safu ijijenge upya, unakwenda kwenye ya pili. Ukimaliza ya nne, TB 12 zinakuwa TB 36. Hakuna kuhamisha mafaili, anwani za mtandao zinabaki zilezile, na wa nyumbani wanaendelea kutazama filamu zao.

Udhaifu wake hauonekani mara moja. Katika RAIDZ1 au RAID 5, ukichomoa diski moja nzima, safu haina tena kinga yoyote mpaka mpya ijae. Na ili mpya ijae, zilizobaki lazima zisomwe. Ukifuata utaratibu huo hadi mwisho, diski ya zamani inayotolewa mwisho itakuwa imesomwa mara tatu kabla zamu yake haijafika, na kila mara hakuna wa kuishika ikianguka. Hizo ni diski zilezile unazoziondoa kwa sababu zimezeeka.

Watengenezaji huandika kwamba diski za kawaida zinaweza kukosa kusoma sekta moja katika kila biti 10^14, yaani TB 12.5. Kusoma diski tatu za TB 4 ni TB 12. Ukichukua hesabu hiyo kama ilivyo utadhani kila ujenzi utafeli, na si hivyo. Diski nzima hufanya vizuri kuliko karatasi inavyosema, na ukaguzi wa kila mwezi husoma kiasi hichohicho bila kosa. Lakini diski yenye sekta mbovu ambazo hazijaguswa kwa mwaka mzima, siku ya kujenga upya ndiyo siku itakapozionyesha. ZFS ikikutana nayo itapoteza faili husika na kukutajia jina lake kwenye `zpool status -v`. Vidhibiti vya zamani vya RAID huweza kuitupa diski nzima na safu ikaanguka nayo.

Dawa ipo, na ndiyo maana jedwali linasema mlango mmoja wa ziada ni bora sana: usichomoe ya zamani kwanza. Chomeka mpya pembeni, kisha kwa ZFS (`safu` ni jina la safu yako):

`zpool set autoexpand=on safu`
`zpool replace safu /dev/disk/by-id/ata-YA_ZAMANI /dev/disk/by-id/ata-MPYA`

Ya zamani inabaki mwanachama kamili mpaka mpya ijae, ndipo ZFS inaiachia yenyewe. Kwa mdadm:

`mdadm /dev/md0 --add /dev/sde1`
`mdadm /dev/md0 --replace /dev/sda1 --with /dev/sde1`

Hapa mdadm inanakili moja kwa moja kutoka ya zamani kwenda mpya, na inakimbilia pariti pale tu sekta isipotaka kusomeka. Ikiwa milango yote imejaa, kadi ndogo ya SATA yenye chipu ya ASM1166 au JMB585 inatosha. Kizimba cha USB kinaweza kuokoa jahazi, ila vingine hutafsiri ukubwa wa sekta kivyake, na ukihamishia diski ndani ya kasha mfumo hauoni kilichoandikwa. Jaribu kwanza na diski tupu.

Kuhusu muda, diski ya TB 4 iliyojaa, kwa wastani wa megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua karibu saa saba na nusu. Mafaili madogo madogo yaliyotawanyika yataongeza saa nyingine kadhaa. Panga diski moja kwa siku, na kati ya moja na nyingine endesha `zpool scrub` (ukaguzi wa safu nzima). Inachosha, kweli, lakini usiruke.

Mwisho wa njia hii wengi hushtuka: diski nne zimebadilishwa na nafasi ni ileile. Kwa ZFS, `autoexpand` haikuwashwa. Endesha `zpool online -e safu` ikifuatiwa na jina la kila diski. Kwa mdadm, hatua ni mbili zaidi: `mdadm --grow /dev/md0 --size=max`, kisha `resize2fs /dev/md0`. Hapo ext4 ya zamani inaweza kukataa kuvuka TiB 16 kwa kulalamika kwamba ukubwa hautoshi kwenye biti 32. Haijaharibika. Ishushe kwa `umount`, endesha `e2fsck -f`, kisha `resize2fs -b` kuigeuza iwe ya biti 64, halafu ndipo uikuze. Na kama safu ilijengwa juu ya patisheni, hakikisha patisheni ya kila diski mpya imetengenezwa kubwa tangu mwanzo, kwa jedwali la GPT. Lile la MBR haliendi zaidi ya TB 2.2.

Kujenga safu mpya kando

Hapa hununui diski nne. Mbili za TB 20 zikiwekwa pacha, kila moja nakala ya mwenzake, zinakupa TB 20 kutoka milango miwili. Ndiyo, TB 36 ni nyingi kuliko 20. Lakini jiulize kama kweli utajaza 36. Diski mbili zinakula nusu ya umeme wa nne, zinatoa nusu ya joto na kelele, na siku nyingine ukitaka kukua tena utanunua mbili tu. Kujenga upya pacha ni kunakili diski moja kwenda nyingine, bila hesabu za pariti.

Faida kubwa zaidi ni kwamba safu ya zamani haiguswi. Inasomwa mara moja, inabaki na kinga yake yote, na ukigundua umekosea unarudi ulikotoka. Ni nafasi pekee pia ya kurekebisha makosa ya siku ya kwanza. `ashift` (ukubwa wa sekta ambao ZFS huutumia) isiyo sahihi, kwa mfano, haibadilishwi baada ya safu kuundwa. Diski za leo zinataka 12. RAIDZ1 nayo haigeuki kuwa RAIDZ2 (yenye pariti mbili) kwa amri yoyote.

Kwa ZFS unapiga picha ya data zilivyo (snapshot) na kuituma, hivi:

`zfs snapshot -r safu@kwanza`
`zfs send -R safu@kwanza | zfs receive -uF safumpya`

Hiyo inaweza kwenda usiku kucha huku seva inatumika. Ikiisha, zima huduma zote zinazoandika, piga picha ya pili na utume tofauti tu:

`zfs snapshot -r safu@pili`
`zfs send -R -i @kwanza safu@pili | zfs receive -uF safumpya`

Dakika chache, mara nyingi. Kama data zimefungwa kwa usimbaji wa ZFS, ongeza `-w` kwenye `send`, la sivyo itakataa. Kisha `zpool scrub safumpya`, na ikiwa safi, fanya `zpool export` kwa zote mbili na uirudishe mpya kwa jina la zamani: `zpool import safumpya safu`. Huduma zote zitaikuta palepale zilipoizoea.

Kwa ext4 au XFS, `rsync -aHAX` hufanya kazi hiyo. Iendeshe mara mbili, ya pili huduma zikiwa zimezimwa. Ile H usiisahau: bila hiyo kila faili lenye majina mawili litanakiliwa mara mbili, na bekapu za aina fulani zitafumuka mpaka zijaze diski mpya.

Kikwazo ni mahali pa kuweka diski. Kasha la trei nne halina pa kuweka ya tano na ya sita, na si lazima uwe napo: kwa siku mbili zinaweza kulala nje ya kasha juu ya ubao mkavu, zikipulizwa na feni, kebo zikipita ubavuni. Usiziweke juu ya sponji au kitambaa, joto halitatoka. Pima pia pawa saplai. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta hadi karibu ampea 2 kwenye waya wa volti 12, takriban wati 24, japo ikishatulia hula 5 hadi 8. Sita kwa pamoja zinagonga 150 kabla hujahesabu mazabodi. Adapta ya wati 90 ya kisanduku kidogo cha trei nne haiwezi mzigo huo, na dalili yake ni diski kutoweka na kurudi kila seva inapowashwa.

Kuongeza ya tano

Kwa miaka mingi ZFS haikuweza hili. Uwezo huo ulikuja na OpenZFS 2.3, Januari 2025:

`zpool attach safu raidz1-0 /dev/disk/by-id/ata-MPYA`

Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na kwa mwenye mlango mtupu na diski nzima zenye umri mdogo ni jibu zuri. Lakini soma masharti. Diski ya TB 12 ikiongezwa kwenye safu ya TB 4 itahesabiwa TB 4. Mafaili yaliyokuwepo yanabaki na uwiano wa zamani, data tatu kwa pariti moja, mpaka yaandikwe upya, kwa hiyo nafasi inayoonyeshwa itakuwa pungufu ya uliyoitarajia. Na ukishaiongeza hutaitoa. Diski tano chini ya pariti moja pia ni kubashiri zaidi kuliko nne. Kama zile nne zina miaka sita, unaongeza chumba kwenye nyumba yenye msingi uliochoka.

CMR au SMR: hapa hakuna mjadala

Njia yoyote uliyochagua, diski ziwe CMR, ambazo njia zake za kurekodia hazipandani. SMR hupanga njia za kurekodia zikipandana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha kigae cha chini unainua cha juu yake. Kwa kuhifadhi filamu mara moja na kuiacha, sawa. Kwa kujenga safu upya, ambako maandishi hayakomi kwa saa nyingi, eneo la akiba linajaa na kasi inaporomoka, mpaka kazi ya saa inakuwa ya siku. Wakati mwingine diski inanyamaza muda mrefu kiasi kwamba safu inaihesabu imekufa na kuitupa nje.

Mwaka 2020 ilibainika kwamba WD Red za TB 2 hadi 6 zenye herufi EFAX zilikuwa SMR bila kuandikwa hivyo. WD40EFAX ni SMR, WD40EFRX ni CMR, na zinafanana kwenye rafu kama chumvi na sukari. Baada ya malalamiko, CMR zikaitwa Red Plus; Red Pro nazo ni CMR. Seagate IronWolf ni CMR. Barracuda za mezani kama ST4000DM004 na ST8000DM004 ni SMR. Soma namba ya modeli yote kwenye lebo, si rangi ya stika.

Diski za mezani zina tatizo jingine: zikikutana na sekta mbovu hung'ang'ana nayo hata zaidi ya dakika, wakati Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30. Za seva hukata tamaa baada ya sekunde 7. `smartctl -l scterc /dev/sdX` itakuambia kikomo cha diski yako; nyingine zinakubali kuwekewa sekunde 7 kwa `-l scterc,70,70`, lakini husahau zikizimwa.

Mpya au mtumba wa seva kubwa

Diski za Exos (Seagate) na Ultrastar (WD) zilizotoka kwenye vituo vya data huuzwa kwa bei inayovutia, na kwa safu yenye pariti mbili au pacha pamoja na bekapu, si wazo baya. Zinapiga kelele; sebuleni utazisikia. Angalia kwanza kama ni SATA, kwa sababu nyingi za bei ya chini ni SAS (kiunganishi cha seva kubwa) na haziingii kwenye kebo yako. Baadhi zimepangwa kwa sekta za baiti 520, na hazitumiki mpaka zipangwe upya kwa `sg_format --format --size=512`, kazi ya saa nyingi.

Mwanzoni mwa 2025 ziligunduliwa Ulaya Exos zilizotumika maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, kaunta za SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea) zikiwa zimerudishwa sifuri. Kilichozifichua ni kumbukumbu ya pili inayoitwa FARM. Kwa hiyo kwa Seagate yoyote, iwe umeinunua Kariakoo, Luthuli au umeagiza Dubai, endesha `smartctl -l farm /dev/sdX` (smartmontools 7.4 kwenda juu) na ulinganishe saa zake na zile za SMART namba 9. Zikipishana, irudishe. Ingiza pia namba iliyo kwenye lebo katika tovuti ya mtengenezaji uone kama waranti ipo na ni ya soko gani.

Kisha mpya na mtumba zote zijaribiwe kabla ya kuingia kwenye safu. `smartctl -t long` kwa diski ya TB 16 huchukua karibu siku nzima. Kwa jaribio zito, `badblocks -wsv -b 4096`. Inafuta kila kitu, na kwa diski za TB 18 kwenda juu weka `-b 8192`, vinginevyo inakataa kuanza. Hupita diski nzima mara nane, karibu wiki kwa TB 16. Asiye na wiki afanye angalau jaribio refu la SMART. Baada yake namba za SMART 5, 197 na 198 (za sekta mbovu) ziwe sifuri. Ile 199 ikipanda, usilaumu diski: badilisha kebo.

Yanayokwamisha siku yenyewe

Kuchomoa diski isiyo yenyewe ndiko kunakoua safu nyingi. `sda` ya leo inaweza kuwa `sdc` kesho. Endesha `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`, andika tarakimu nne za mwisho za kila diski kwenye karatasi, na uzibandike mbele ya trei kabla ya kugusa chochote.

Diski isiyozunguka kabisa, hasa iliyotolewa ndani ya kasha la USB, mara nyingi haijafa. Pini ya tatu ya umeme wa SATA, iliyokuwa ya volti 3.3, kwenye diski mpya ni amri ya kuzima. Ifunike kwa utepe wa Kapton. Adapta ya Molex kwenda SATA inatatua pia, lakini epuka zile ambazo plastiki yake imemwagwa juu ya nyaya, zimewahi kuungua. Chukua ambayo nyaya zimebanwa na kifuniko kinafunguka.

Skrubu nazo: diski nyingi kubwa zimehamisha matundu ya kati, na trei ya zamani inashika mbili tu. Tafuta trei inayolingana. Diski inayotikisika haifikishi kasi yake.

Joto la chumba cha Mombasa au Dar bila kiyoyozi lishakula nusu ya safari. Diski zikivuka nyuzi 45 wakati wa kujenga, ongeza feni. Zikifika 50, fungua kasha na uzielekezee feni ya mezani. UPS iwepo, yenye kebo ya USB inayoweza kuiambia seva izime yenyewe betri ikishuka. Umeme ukikatika katikati, ZFS huendelea na ujenzi ikiwaka tena. Kinachoua diski ni kuwaka na kuzima mara tano ndani ya dakika kumi.

Za zamani, usizifute wiki hiyo. Kama ulihamia safu mpya, zote nne kwa pamoja bado ni nakala kamili ya siku ile: zifunge kwenye mifuko ya kuzuia umeme tuli pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, andika tarehe na mpangilio, uziweke mbali na seva. Mwezi ukipita bila mtu kuuliza faili lililopotea, mbili zenye SMART safi zaidi zifanye bekapu ya nje, na zilizobaki zipitishe `shred -v -n 1` kabla hazijauzwa.